Philadelphia waliajiri gongo, wakaletewa daftari

Mei 11, 1989, mechi ya hoki ya barafuni kati ya Philadelphia Flyers na Montreal Canadiens ilikuwa inaelekea ukingoni, na Flyers wanajua msimu wao umekwisha. Ghafla kipa wao akaacha lango, akakata barafu mbio na kumvaa beki wa Montreal, Chris Chelios, akimshushia kipigo. Si kwamba yeye mwenyewe alikuwa ameguswa. Katika mechi ya kwanza ya mfululizo ule Chelios alimwangusha vibaya Brian Propp wa Flyers, na kipa akaiweka moyoni mpaka mechi ya sita. Ligi ilimfungia mechi 12. Philadelphia walizidi kumpenda.

Kipa huyo anaitwa Ron Hextall. Miaka 25 baadaye, Mei 2014, klabu ile ile ilimpa ofisi ya meneja mkuu. Novemba 2018 kibarua chake kikaota nyasi, na kosa lake, ukilivua maneno ya adabu ya taarifa ya klabu, lilikuwa kuwa na subira kupita kiasi.

Mtu aliyeshindwa kusubiri msimu mwingine ili alipe kisasi, afukuzwe kwa subira? Nimelitafakari jambo hili mara nyingi kuliko inavyostahili kwa mtu anayeishi mahali ambapo barafu ni ya kuwekea samaki. Wachambuzi wengi wanalieleza kwa kazi yake ya zamani: alikuwa kipa, na kipa ni mtu wa kusubiri. Mimi sikubaliani nao. Ninaamini Flyers hawakumwajiri Hextall kabisa. Waliajiri kumbukumbu yao ya mwaka 1987, na alipoingia mtu mwingine ofisini, wakamlaumu kwa kutokuwa yule wanayemkumbuka.

Kwanza tuwekane sawa. Gongo ninalolisema hapa ni la kuchezea, si lile linalopikwa vichochoroni. Hoki ya barafuni huchezwa kwa vipindi vitatu vya dakika 20, watu sita kila upande, kipa akiwa mmoja wao, na kinachopigwa si mpira bali paki, kisahani cheusi kigumu. Kipa wa soka anaweza kumaliza mechi nzima ameokoa mashuti mawili. Huyu wa barafuni hupigiwa 30 kwa usiku mmoja, na akiruhusu manne wanaanza kumnong'ona. Nairobi wapo wanaoujua mchezo huu kwa miguu yao wenyewe: Kenya Ice Lions walijifunzia kwenye kiwanja kidogo cha hoteli ya Panari, Mombasa Road, na mwaka 2024 Kenya ikakubaliwa uanachama katika shirikisho la kimataifa.

Meneja mkuu wa NHL, ligi ya Marekani na Kanada, si kocha. Yeye ndiye anayemwajiri kocha na kumtimua. Anasaini mikataba, anabadilishana wachezaji na klabu nyingine, na anachagua vijana kwenye drafti. Hii si ile drafti ya vizibo vya soda chini ya mwembe. Ni siku ambayo klabu huchukua zamu kuchagua vijana wa miaka 18, na dhaifu ndio hupewa nafasi za mbele. Tangu 2005 yote hayo yanafanyika chini ya kikomo cha mishahara. Msimu wa 2014–15 kikomo kilikuwa dola milioni 69 kwa timu nzima. Tajiri hawezi kutoa hundi akanunua ubingwa. Mkataba mmoja mbovu unakula nafasi ya wachezaji watatu wazuri, na huo ndio ugumu wote wa kazi hii.

Sasa turudi kwa huyo waliyemkumbuka. Hextall alizaliwa 1964 mjini Brandon, jimbo la Manitoba, kwenye ukoo wa hoki. Babu yake ndiye aliyefunga bao la muda wa nyongeza lililowapa New York Rangers Kombe la Stanley, ubingwa wa NHL, mwaka 1940. Baba yake na baba yake mdogo wote walicheza NHL. Flyers walimchukua kwenye drafti ya 1982 akiwa wa 119, nafasi ambayo wengi hawasikiki tena. Msimu wake wa kwanza, 1986–87, akatwaa Vezina, tuzo ya kipa bora wa ligi, kisha akaibeba timu mpaka mechi ya saba ya fainali dhidi ya Edmonton Oilers ya Wayne Gretzky. Walifungwa, lakini tuzo ya mchezaji bora wa hatua ya mtoano akapewa yeye. Ni nadra mno tuzo hiyo kwenda kwa mtu wa timu iliyoshindwa. Katika fainali hiyo hiyo alimchapa Kent Nilsson wa Edmonton gongo la miguu, akauanza msimu uliofuata na adhabu ya mechi 8.

Desemba 8, 1987, Boston Bruins walimtoa kipa wao ili waongeze mshambuliaji. Hextall akaipiga paki kutoka kwenye lango lake, ikapita vichwani mwa watu wote, ikaingia golini kwao. Hakuna kipa wa NHL aliyewahi kulenga lango na kufunga kabla yake. Aprili 1989 akarudia, safari hii dhidi ya Washington Capitals kwenye mtoano. Misimu yake mitatu ya kwanza alizidisha dakika 100 za adhabu kila msimu. Kipa! Mji ule ulikuwa bado unaishi kwa sifa za miaka ya 1970, timu iliyotwaa makombe mawili, 1974 na 1975, huku ikiitwa Wababe wa Broad Street. Hextall alipotokea ilikuwa kama mzimu wa ukoo umepata wa kumpanda.

Mwaka 1992 walimtoa. Alikuwa sehemu ya furushi lililopelekwa Quebec ili Philadelphia wampate kijana Eric Lindros: wachezaji kadhaa, akiwamo Peter Forsberg, nafasi za drafti na dola milioni 15. Alirudi 1994, na mwaka 1997 akacheza fainali nyingine, akipokezana lango na Garth Snow. Detroit waliwafunga mechi nne kwa sifuri. Likumbuke jina la Snow, nitalirudia. Hextall alistaafu 1999.

Hapa ndipo kumbukumbu ya mashabiki inapokatika, na mimi naona ndipo maisha yake ya kazi yanapoanza. Hakwenda kukaa kwenye studio ya televisheni. Alikwenda kuwa skauti: kuzunguka viwanja baridi, kukaa jukwaani peke yake, kuandika. Mwaka 2002 akawa mkuu wa idara inayofuatilia wachezaji wa klabu nyingine. Mwaka 2006 Dean Lombardi, aliyekuwa skauti mwenzake Philadelphia, alipewa umeneja mkuu wa Los Angeles Kings, akamchukua Hextall awe msaidizi wake.

Kings walikuwa timu hohehahe. Lombardi na Hextall walikaa misimu mitatu bila kuugusa mtoano, wakilimbikiza vijana na nafasi za drafti. Mwaka 2010 ndipo wakaingia. Mwaka 2012 wakaingia kwa kusukwasukwa, wa nane katika kanda yao, wakabeba Kombe la Stanley, la kwanza katika historia ya klabu. Kati ya waliolinyanyua walikuwamo Mike Richards na Jeff Carter, wawili ambao Philadelphia waliwauza mwaka mmoja kabla kwa kuona wamewachosha. Hextall aliiona hiyo kwa macho yake: klabu moja inangoja miaka sita na kula, nyingine ina haraka kila kiangazi na haijaonja kombe tangu 1975.

Alirudi nyumbani 2013 kama msaidizi, na Mei 7, 2014 akapewa kiti. Mcheza kwao hutunzwa, na Flyers wanaitii methali hiyo kuliko sisi wenye lugha. Bobby Clarke, nahodha wa timu ya 1974, aliwahi kuwa meneja mkuu. Paul Holmgren, winga mkorofi wa zamani, alimfuata. Kisha Hextall. Ni utaratibu mtamu, unawafanya wastaafu wajisikie wana kwao. Lakini una hasara moja: anayeajiri anadhani anamjua anayemwajiri, hivyo hamuulizi atafanya nini.

Angeulizwa, angeonyesha vitabu vya hesabu. Mwaka 2011 klabu ilimsajili kipa Ilya Bryzgalov kwa miaka 9 na dola milioni 51. Baada ya misimu miwili waliuvunja mkataba, na fidia ikapangwa kulipwa kwa miaka 14. Haikuhesabiwa kwenye kikomo, ila pesa ni pesa. Vincent Lecavalier alipewa miaka 5 kwa milioni 22.5 akiwa ameshapita ubora wake. Beki Andrew MacDonald alipewa miaka 6 kwa milioni 30, wiki chache kabla Hextall hajakabidhiwa funguo. Na kulikuwa na kisa cha Chris Pronger, ambacho hunichekesha kila nikikumbuka. Pronger aliumia jicho na kichwa, mechi yake ya mwisho ikawa Novemba 2011, ila mkataba wake haukuweza kufutwa bila kuiumiza klabu. Kwa hiyo aliendelea kuwa mchezaji wa Flyers kwenye karatasi, huku akiwa ameajiriwa na ofisi ya ligi, kwenye idara inayowaadhibu wachezaji. Karatasi ile Hextall aliihamishia Arizona Juni 2015. Lecavalier alimpatia mnunuzi Januari 2016. Braydon Coburn alimgeuza kuwa beki mwingine, Radko Gudas, pamoja na nafasi za drafti.

Hiyo ndiyo kazi ya daftari. Haina picha ya kubandika ukutani. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na shabiki anayelipa tiketi haoni uzuri wa mkataba ulioondoka, anaona pengo uwanjani. Wakati huo huo Hextall alikuwa anapanda: Travis Sanheim 2014, Ivan Provorov na Travis Konecny 2015, kipa Carter Hart raundi ya pili 2016. Mwaka 2017 alimtoa Brayden Schenn kwenda St. Louis, akapata nafasi mbili za raundi ya kwanza, zilizomletea Morgan Frost na Joel Farabee. Miaka miwili baadaye Schenn alinyanyua kombe na St. Louis. Hata biashara nzuri ina siku yake ya kuuma.

Misimu minne kamili, aliingia mtoano mara mbili, 2016 na 2018, na mara zote mbili alitolewa raundi ya kwanza. Novemba 26, 2018 wakamfukuza. Holmgren, sasa akiwa rais wa klabu, alisema hawaoni tena njia moja. Mwenye mamlaka juu yao wote, Dave Scott, akasema wazi kwamba anamtaka mtu wa kutenda.

Msimu ule una kichekesho chake. Flyers walitumia makipa wanane, rekodi ya NHL. Majeruhi hawa, viwango vibovu wale, mmoja akachukuliwa kutoka klabu nyingine, akaachwa, akaja mwingine. Klabu iliyoongozwa na kipa ikakosa kipa! Na wakati wote huo Hart, kijana wa miaka 20, alikuwa timu ya chini mjini Allentown kwa sababu Hextall alikataa kumharakisha. Wiki tatu baada ya kufukuzwa kwake Hart aliitwa, akashinda mechi yake ya kwanza, na kiwanja kikampata kipenzi kipya.

Hapa ndipo wapenzi wa nadharia ya kipa huniambia: unaona? Kipa mwenyewe anajua lango linavyomtafuna kijana. Kipa huona uwanja wote mbele yake, hakimbii hovyo, husubiri shuti. Ni maneno mazuri. Tatizo lake ni makipa wenyewe.

Chukua Garth Snow, yule waliyepokezana naye lango 1997. Julai 2006 Snow alikuwa kipa wa akiba wa New York Islanders. Mwenye klabu, Charles Wang, alikuwa amemwajiri meneja mkuu Neil Smith, akamfukuza baada ya siku 40 hivi, akamgeukia Snow. Jana alikuwa amevaa pedi, leo anasaini hundi. Septemba ya mwaka ule ule Islanders wakampa kipa Rick DiPietro mkataba wa miaka 15 kwa dola milioni 67.5. Majeraha yakamla DiPietro, na 2013 wakauvunja. Kwa hiyo makipa wote wawili wa fainali ile moja walikuja kukaa kwenye kiti kimoja, katika kundi moja la ligi, kwa wakati mmoja, na wote wakakipoteza mwaka 2018, Snow akitangulia Juni. Mmoja alianza kwa mkataba mrefu kuliko akili ya kawaida, mwingine aliogopa mikataba mirefu kama ukoma. Lango lao lilikuwa moja.

Au mchukue Jim Rutherford. Kipa mfupi, chaguo la 10 la Detroit katika drafti ya 1969, hakuwahi kutwaa kombe akicheza. Akaingia uongozini, akajenga Carolina Hurricanes iliyokuwa bingwa 2006, kisha Pittsburgh Penguins waliobeba 2016 na 2017, na 2019 akaingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo kama mjenzi. Rutherford husubiri? Thubutu! Kiangazi cha 2015 alimleta Phil Kessel kutoka Toronto, Desemba akamtimua kocha na kumpandisha Mike Sullivan, na miezi sita baadaye wakashika kombe. Hubadilisha wachezaji kama mtu anayebadilisha shati la jasho. Ukiwaweka Rutherford na Hextall meza moja, kitu pekee watakachofanana ni makovu ya magoti.

Kinachomtengeneza meneja ni kile alichokiona kikifanikiwa alipokuwa msaidizi, na aina ya takataka alizozikuta mezani. Hextall alikuwa ameona Los Angeles, na akakuta Bryzgalov. Ungemtarajia aweje?

Sitaki kumfanya mtakatifu. Kocha Dave Hakstol, aliyemtoa chuo kikuu cha North Dakota 2015, hakuwahi kufundisha NHL, na Hextall alimng'ang'ania hata pale ilipoonekana maji yamezidi unga. Mwaka 2017 bahati nasibu ya drafti iliwapandisha kutoka nafasi ya 13 hadi ya 2. Akamchukua Nolan Patrick. Wa nne kwenye orodha alikuwa Cale Makar, ambaye 2022 alishinda kombe na Colorado na kutajwa mchezaji bora wa mtoano. Patrick alipatwa na maradhi ya kipandauso yaliyomfanya akose msimu mzima, na hilo hakuna skauti angeliandika kwenye daftari lake. Lakini kazi hii haina safu ya kuandikia udhuru.

Kosa lake kubwa zaidi alilifanya mji mwingine. Januari 2021 Rutherford alijiuzulu ghafla Pittsburgh, na mwezi uliofuata kiti kile cha kipa mwenye haraka akapewa kipa wa subira. Hapo subira ilikuwa dawa ya ugonjwa mwingine. Philadelphia alikuwa anamwagilia miche. Pittsburgh alikabidhiwa minazi mikongwe: Sidney Crosby, Evgeni Malkin, Kris Letang. Minazi ya umri ule unaiangua upesi au unaipoteza. Yeye akangoja. Kipa Tristan Jarry alivurunda mtoano wa 2021 dhidi ya Islanders, hata akawapa paki wapinzani kwenye muda wa nyongeza wa mechi ya tano, na kiangazi kikapita bila kuletewa mtu wa kumnyang'anya namba. Carter, yule wa Los Angeles, akaongezewa miaka miwili akiwa na 37. Machi 2023, timu ikiyumba, alimleta Mikael Granlund, ambaye hakuziba pengo lolote. Aprili 11 walifungwa nyumbani 5–2 na Chicago, moja ya timu dhaifu kabisa za msimu ule, wakakosa mtoano kwa pointi moja. Walikuwa wameucheza miaka 16 mfululizo. Siku tatu baadaye Hextall hakuwa na kazi.

Pittsburgh walikuwa na haki. Philadelphia sioni walikuwa na haki gani, na ushahidi wangu ni kiangazi cha 2020. Mtoano ulichezwa Toronto kwenye viwanja vitupu kwa sababu ya korona, na Flyers wakashinda raundi, wakiitoa Montreal, kisha wakaipeleka Islanders mpaka mechi ya saba. Golini alikuwa Hart. Mbele yake Provorov na Sanheim, mbele zaidi Konecny na Farabee. Sifa zilikwenda kwa mrithi, Chuck Fletcher, yule mtu wa kutenda. Mvumilivu hula mbivu, ndiyo, ila methali haikuahidi kwamba aliyevumilia ndiye atakayekuwapo mezani.

Fletcher akatenda. Julai 2021 alitoa nafasi ya raundi ya kwanza na vingine juu yake ili ampate beki Rasmus Ristolainen. Timu ilikuwa imekosa mtoano 2021, ikakosa 2022, na Machi 2023, ikiwa njiani kuukosa tena, akafukuzwa.

Waliokuja baada yake? Kiti cha meneja mkuu alipewa Daniel Brière, mshambuliaji wao aliyewafikisha fainali ya 2010. Urais alipewa Keith Jones, winga wao wa zamani aliyekuwa mtangazaji. Wacheza kwao, tena. Brière aliwaambia mashabiki bila kuzungusha kwamba timu inajengwa upya kuanzia chini, kwa vijana na drafti, na kwamba wasitarajie mambo ya haraka.